Glavu za Mpagazi

Nyawira alikuwa ameshavaa viatu vya kupandia mlima na begi liko mgongoni, shosho wake alipoweka kiti cha plastiki mlangoni na kukikalia.

"Shosho, jamani! Wenzangu wananingoja pale steji ya matatu ya Donholm."

"Wangoje. Nimemaliza kile kitabu chako."

Kilikuwa kitabu cha mtu aliyepanda Mlima Kenya ili ajijue. Shosho alikuwa amekisoma wiki tatu, kidole chini ya kila mstari, akitafuta kilichomvuta mjukuu wake. Alikuwa amekusudia kumwambia asiende.

"Alifika kileleni, akalia, akajipata. Sawa," alisema. "Lakini kuna mpagazi aliyevua glavu zake akamvisha yeye, akashuka na vidole vyake mwenyewe vimekuwa vyeusi kwa baridi. Kurasa mia tatu, na jina la mpagazi halimo."



Shosho akatoa jozi mbili za glavu kwenye mfuko wa aproni. Alikuwa amezifuma mwenyewe kwa sufu ya zambarau, na vidole gumba vilikuwa virefu kupita kiasi, kama kawaida yake.

"Hizi zako. Hizi za atakayekubebea mzigo. Muulize jina."

"Nitamuuliza, shosho."

"Halafu urudi uniambie. Nataka kujua nilimfumia nani."

Nyawira akavaa glavu moja. Shosho akainuka, akasogeza kiti kando ya mlango kwa mkono mmoja. Wa pili ulikuwa bado umeshika kile kidole gumba kirefu cha glavu aliyovaa Nyawira.