Picha ya Tisa

"Huyu anahisi nini?" daktari aliniuliza, akinionyesha picha ya tisa kwenye kompyuta.

"Ana hasira."

Dada yangu Nusifa, aliyekwisha kumaliza zamu yake, alicheka. "Kaka, huyo mama anaogopa! Si uyatazame macho."

Tulitoka kwetu Masese hadi hospitali ya Mbale kwa ajili ya utafiti wa skizofrenia, ule ugonjwa wa akili. Yeye alikuja kama mgonjwa, mimi kama mzima, tulinganishwe tunavyosoma nyuso za watu. Katika picha zote tisa mimi niliona hasira.

Daktari aliacha kuandika. Wino wa kalamu ulikuwa unamvujia kidoleni, hakuufuta.

"Bwana," alisema polepole, "kuna watu huko nyumbani wanaokusema vibaya?"

"Nani amekuambia?" nikauliza.

Nusifa akaacha kucheka.