Vidole vya Ndambuki

Ndambuki alikigusa kile kiduara cha kijani mara tisa kwa kidole cha shahada, mara mbili kwa gumba, na simu ikaendelea kulia. Jina la binti yake, Nthenya, lilikuwa likichezacheza kwenye kioo. Mzee akainuka, akavaa kandambili, akatoka na simu ikilia mkononi, akapita chini ya kamba za nguo hadi mlango wa tatu.

"Mama Odera, samahani tena."

"Leta, Baba Nthenya," alijibu Celine, jirani yake, bila hata kuuliza ni nini. Tayari alikuwa amevuta kiti cha pili. Alikibonyeza kioo kwa nguvu, kama mtu anayekanda unga wa chapati, na uso wa Nthenya ukatokea kutoka Muscat.

Hayo yalitokea kila jioni saa moja, pale mtaani Shauri Moyo, tangu Nthenya alipomtumia baba yake simu ya kugusa. Baada ya simu kulikuwa na chai. Baada ya chai kulikuwa na habari za wanakwaya wa kanisani, na Celine, mjane aliyekuwa karani wa baraza kwa miaka thelathini, hakupitwa na habari ya mwanakwaya yeyote.

Lawama zote ziliangukia vidole. Ndambuki alikuwa amechonga twiga na vifaru kwa miaka arubaini na miwili, karibu na soko la Gikomba, na ngozi ya vidole vyake ilikuwa imegeuka gamba. Celine mwenyewe ndiye aliyempelekea simu kwa fundi, tena si mara moja, na kila mara alirudi na jibu lile lile: simu ni nzima, mbovu ni mwenyewe.

"Fundi anasema haioni damu kwa hivyo vidole," alimwambia.

Ndambuki aliikubali hukumu, lakini kwa uchungu. Yeye alizoea vitu vyenye mahali pa kushika. Redio uliizungusha, runinga uliibonyeza, jiko ukaligeuza likawaka. Siku hizi kila kitu ni kioo. Hata mizani ya ndizi kule supamaketi inataka kupapaswa kama mtoto mchanga.

Jambo moja tu lilimtatiza. Wiki iliyopita, zahanati ilikuwa imeweka mashine ya kutoa namba za foleni, nayo ni kioo kitupu. Aliigusa mara moja, ikamtolea karatasi.

"Hiyo imezoea wagonjwa," Celine alimwambia alipomsimulia. "Inawahurumia." Akamwongezea chai.

Ndambuki alicheka. Lakini jioni hiyo alimwona Celine akipiga miayo, na akiwa njiani kurudi kwake moyo ukamsuta. Mjane wa watu ana wajukuu, ana chama cha akiba, ana magoti yanayomuuma, na bado kila jioni analetewa mzee na kelele za simu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yeye alikuwa mgeni kwa miezi minane na hajashikishwa hata ufagio.

Ukweli ni kwamba saa hiyo moja ndiyo aliyoisubiri tangu alfajiri, na kuiacha kungemuuma. Lakini siku Mama Odera akimchoka, hiyo ingemuuma zaidi. Akakata shauri kwenda kwa fundi mwenyewe. Kama simu haitamtii, atarudia ile yake ya zamani ya vibonyezo, na Nthenya itabidi amsikie tu bila kumwona. Vyovyote itakavyokuwa, hatabisha tena ule mlango wa tatu.

Jacky, fundi wa simu, alikuwa na kibanda karibu na lango la kanisa. Ndambuki aliiweka simu mezani, kisha akaweka na mikono yake miwili kando yake, ili vyote vikaguliwe pamoja.

"Msichana wangu, niambie ukweli. Hivi vidole vina dawa?"

Jacky hakuviangalia vidole. Aliigeuza simu, akaona kava yake nyekundu, akatabasamu.

"Hii simu naijua, mzee. Vidole viko poa. Ni hizi protekta ndio ziko noma."

Alipenyeza ukucha pembeni, akabandua kioo chembamba cha kuzuia mikwaruzo. Chini yake kulikuwa na kingine. Chini ya hicho, kingine tena.

"Watu huweka moja. Hii iko na tatu. Hebu jaribu sasa."

Ndambuki aligusa picha ya Nthenya kwa ncha ya kidole. Ikafunguka papo hapo. Akaifunga, akaifungua tena. Alifurahi mno, kisha akakasirika. Miezi minane ya aibu, kumbe ni vioo vitatu.

"Ni mjinga gani aliweka vyote hivi?"

"Ni mimi, lakini usinilaumu. Kuna mama huileta, yule wa kwaya, Mama Odera. Kila akija anataka niongeze ingine juu. Nikamwambia, mama, ukiendelea hivi mtu wa vidole vigumu hataweza kuitumia hii simu. Akaniambia, 'Basi weka, mbona unachelewa?'"

Ndambuki aliitazama simu iliyokuwa ikimtii, akaitazama saa yake ya mkononi, kisha akaisukuma simu polepole hadi mbele ya Jacky.

"Weka nyingine tatu," alisema. "Na ikiwezekana, ongeza ya nne."