Majina ya Watafiti

Baba alitaka kulisoma mwenyewe bango la utafiti wa chuo kikuu, lililobandikwa leo katika ofisi ya kata, Nyakahura.

"Usinionyeshe jina lako," alimwambia binti yake, Tecla. "Nitaliona."

Kwa miezi minane Tecla, mwanafunzi pekee wa idara anayejua Kisubi, lugha ya wenyeji wa hapa, alizunguka zizi kwa zizi akichukua sampuli za maziwa.

Nyuma yao mhadhiri wake alikuwa akihutubia: "Idara yetu ya sayansi inawainua vijana wa kila kona ya nchi!"

Kidole cha mzee, cheusi kwa utomvu wa migomba, kilishuka jina baada ya jina. Kikalipita hata jina la dereva wa watafiti. Kikafika mwisho wa karatasi.



Mzee akakifuta kidole kwenye suruali, akakirudisha juu kabisa, akaanza upya.