Mzinga wa Kinyonga

"Karanga zetu zote umempa Kinyonga, akakupa majani?" Bi Kindi alimfokea mumewe.

"Hizo ni hisa za asali ya mzinga wake, mke wangu! Jana jani moja lilinunua vikapu viwili vya karanga."

"Na leo?"

Asubuhi hiyo wanyama walichungulia mzingani wasione hata nyuki mmoja, na Kinyonga alikuwa ameshatoroka.

Bi Kindi akawaza wanawe watakula nini, machozi yakamlenga. Kisha akaufagia ule mzinga, akaupaka nta ndani, akautundika juu.

"Shoga, unafagia hasara?" Sungura akamcheka.

"Nafagia mali yetu."

Siku ya tatu nyuki akatua mlangoni pa mzinga, kundi zima nyuma yake.

"Hodi, mama! Mnapangisha? Kodi tutalipa kwa asali."