Fuko na Utambi wa Kandili

Nikikisimulia kisa hiki, hasira hunipanda upya. Wanyama wa shimo moja walikuwa na kandili moja, na mtunzaji wake alikuwa Fuko, asiyeona hata mchana. Kila asubuhi alifuta kioo, akaupapasa utambi wa pamba, akakata kwa mkasi ncha iliyoungua.

Nguchiro, aliyependa kuamuru, akamjia juu. "Kila siku unakata tu! Utambi ukiisha tuwashe mkia wako? Na wewe mwanga unakuhusu nini, hata huoni!"

"Sioni, Bwana Nguchiro, lakini nanusa," Fuko akajibu. "Ncha iliyoungua ikiachwa, taa hutoa moshi."

"Unanifundisha mimi mwenye macho?"

Akamfukuza kama mwizi, kazi akaitwaa mwenyewe, na mkasi akautupa. Taa ilipofifia, akaupandisha utambi. Ilipofifia tena, akaupandisha zaidi. Siku ya tatu kioo kilikuwa cheusi kama chungu, moshi ukajaa shimo zima, na kandili ikazimika. Wenzake walikuwa wametoka zamani. Nguchiro akabaki ndani, anakohoa na kujigonga ukutani, mlango haujui uliko.

"Fuko! Ndugu yangu, nitoe, nakufa!"

Fuko akaingia kwa hatua zake za kila siku, maana kwake giza halikuwa geni. Hata pole hakusema.

"Shika mkia huu uliotaka kuuwasha," akafoka, "unifuate, ewe mwenye macho!"