Asiyefika Ukurasa wa Mwisho

Mwaka ule ofisi zote za serikali zilikuwa zimefungwa milango, na kila kibali, hata cha kuzika, kilipatikana kwenye tovuti tu. Veneranda, kipofu tangu utotoni, alifiwa na mumewe Fulgensi siku ya Jumatatu. Hadi Alhamisi maiti ilikuwa bado sebuleni. Tovuti ilimtaka mjane mwenyewe, si mwingine, abonyeze picha zenye miti kuthibitisha kwamba si roboti, na simu iliyomsomea maandishi kwa sauti ilirudia tu: "Picha. Picha. Picha."

Ndipo mkaguzi wa tovuti akapiga simu.

"Pole na msiba, mama. Nakujulisha kwamba wananchi wameipa tovuti yetu alama mia kwa mia."

"Wananchi gani? Mimi mbona sijaulizwa?"

"Alama hutolewa ukurasa wa mwisho, mama."

"Na asiyefika huko?"

"Huyo hahesabiwi."

Veneranda akakata simu.

"Bebeni jeneza!" akawaambia shemeji zake. "Mume wangu haozi humu ndani kwa ajili ya picha za miti."

Wakamzika jioni ileile, bila kibali.

Wiki iliyofuata simu ikamsomea ujumbe wa serikali kwa Fulgensi, ambaye kwenye tovuti bado alikuwa hai: hajaenda kupimwa afya, na askari watamfuata nyumbani. Veneranda akajifunga khanga, akaketi mlangoni kuwasubiri.