Kopo la Shaba la Ngassa

Ngassa alilisugua kopo lake la mafuta kwa majivu mpaka akauona uso wake ubavuni mwa kopo. Wenzake wa karakana walimtania kwamba siku moja atalitolea mahari. Lilikuwa kopo la shaba lenye mdomo mrefu, la tangu enzi za Mjerumani. Wao walipopewa makopo mapya ya bati, yeye alilikataa lake jipya.

Sababu aliijua Bartholomeo tu, mtia mafuta mwenzake. Kinu cha kuponda mawe ya dhahabu kilikuwa kimemla Ngassa masikio kwa kelele zake. Akiinama kutia mafuta kwenye beringi, ubavu wa kopo ulimwonyesha nani anakuja nyuma yake, na kabla hajaitwa alikuwa ameshageuka.

Jumatatu ile Bartholomeo alimshika bega, akamkabili ili midomo yake ionekane vizuri.

"Ngosha," alimwita, kama wanavyoitwa wanaume wa Kisukuma, "leo wanapima masikio. Kengele ikilia, nyoosha mkono. Asiyesikia anarudi kwao."

Kwao ni Kishapu, ambako mvua ilikuwa imewasusa na ng'ombe wamekwisha. Mkewe, Scolastika, alikuwa mjamzito, na walichokula kilikuwa posho ya unga wa mgodini. Mgodi ulikuwa umeyachukua masikio yake, sasa unamuuliza yako wapi. Ngassa aliona uchungu, lakini akaumeza, akachukua kopo lake akaenda.

Watia mafuta walipangwa mstari, kila mtu na kopo lake mkononi, wakitazama ukuta. Msimamizi mpya, Mzungu asiyependa maneno mengi, alisimama nyuma yao na kengele ya mkononi.

Ngassa alilishikilia kopo kifuani. Ndani ya shaba alimwona msimamizi mzima, mdogo kama kidole. Kengele ilipotikiswa, alinyoosha mkono pamoja na wenzake. Ikatikiswa tena, akanyoosha tena. Moyo ukaanza kumtulia. Alijiona jioni ile akimwambia Scolastika kwamba wamepona, kwamba mtoto atazaliwa hapahapa mgodini.

Msimamizi alitoa leso akajifuta jasho. Akawapa mgongo kidogo, akainamia meza, kisha akageuka na kuitikisa kengele kwa nguvu kuliko mwanzo, mpaka bega likacheza.

Safari hii Ngassa hakutaka kuachwa nyuma na mtu. Alinyoosha mkono upesi, juu kabisa, akitabasamu. Hakumsikia Bartholomeo akimnong'oneza ashushe.

Alipochungulia tena kwenye shaba, mkono wake ulikuwa peke yake hewani. Nyuma yake msimamizi alikuwa ameigeuza kengele mdomo juu, anaichomoa leso yake kutoka ndani.